Msiwafungulie makinda mbali siku ya kaskazi

Ndugu Mhariri,

Nianze na picha. Makala yenu ya mwezi uliopita, ile iliyorudia kisa cha njiwa wa Ubelgiji aliyeuzwa mabilioni, mmeipamba na ndege aliyetua kwenye waya wa umeme, shingoni ana utepe mweusi. Yule si njiwa. Yule ni tetere. Aliyekulia Tanga anamjua, ndiye anayeanza kelele juu ya mwembe kabla hata muadhini hajakohoa. Kumweka tetere kwenye habari ya njiwa wa mashindano ni sawa na kuandika habari za farasi wa mbio mkatuwekea picha ya punda. Punda tunamheshimu, lakini mwenye farasi atanuna.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikasoma makala upya na nikaona picha ndiyo iliyo afadhali.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawa, Tanga (jina la mtaa si langu, msidhani natunga), na huu ni mwaka wa 23 naishi Kempen, mkoa wa Antwerp, kaskazini mwa Ubelgiji. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana, badala ya kulala kama watu wenye akili timamu, niko bandani na njiwa. Mume wangu ni dereva wa lori na kifua chake hakipatani na vumbi la manyoya, kwa hiyo urithi wa baba yake ulimruka ukaniangukia mimi mkamwana, mwanamke, tena Mswahili. Siku ya kwanza nilipoingia na tenga langu kwenye chama cha wafugaji cha kijijini, mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kusafisha ukumbi. Nikamwambia nimekuja kumshinda. Mwaka ule sikumshinda. Mwaka uliofuata nilimshinda mara mbili, na siku hizi tunanunua mahindi ya njiwa gunia moja tukagawana.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliufuata mchezo huu, wa kufungulia njiwa mbali na kupima nani anawahi kurudi bandani kwake, tangu akiwa na kaptula. Utotoni mwake saa ya kupimia ilikuwa moja tu, iko kwenye baa ya kijiji. Njiwa akitua nyumbani, pete ya mpira inavuliwa mguuni, anapewa mtoto mwenye mbio kuliko wote, naye anatimua nayo vumbi mpaka baa. Mtoto huyo alikuwa yeye. Alikuwa akisema mashindano mengi ya baba yake aliyashinda yeye, si njiwa. Leo ndege ana pete ya chipu. Akikanyaga tu ubao wa kutua, saa inajiandika yenyewe.

Siku aliponipa njiwa kwa mara ya kwanza, nilimkamata kama tunavyokamata kuku nyumbani, mabawa yote mawili kwa mkono mmoja, kichwa chini. Mzee alipiga ukelele mpaka jirani akatoka nje. Kisha akanifundisha. Miguu inapita katikati ya kidole cha shahada na cha kati, dole gumba linalala juu ya ncha za mabawa, kifua cha ndege unakiegemeza kwenye chako. Ukimshika hivyo hapapatiki, unausikia moyo wake tu, unadunda kama cherehani.

Sasa nije kwenye makala. Mwandishi wenu anasema njiwa hawa "hutumwa popote duniani na kurudi." Toleo lililofuata, msomaji mmoja wa Dodoma akauliza atampataje njiwa wa Ubelgiji ili apeleke barua kwa kaka yake Mwanza. Jamani. Njiwa hatumwi. Njiwa anarudi, basi. Anajua mahali pamoja tu hapa duniani, ni pale alipoanza kutoka nje ya banda na kulizunguka paa akiwa na wiki tano au sita. Ukitaka barua ifike Mwanza, kaka yako afuge njiwa Mwanza, wewe umchukue kwa basi umlete Dodoma ndani ya tenga, ndipo umfungulie. Safari ni moja, ya kwenda kwao. Ukimnunua njiwa mzima huku ukamfungulia Dodoma, atapanda juu, atazunguka mara tatu akitafuta Ulaya, na hutamwona tena.

Hata nyinyi wa magazeti mna deni kwake. Mwaka 1850 yule Reuter, ambaye jina lake mnaliweka mwishoni mwa habari za nje kila siku, alitumia njiwa kati ya Brussels na Aachen kwa sababu waya wa telegrafu ulikuwa haujaunganishwa katikati. Njiwa wa Aachen walipelekwa Brussels kwa treni, wakafungwa bei za soko la hisa, wakarudi kwao kabla treni ya barua haijafika. Hao nao hawakutumwa. Walirudi nyumbani, na kibiashara ikawa nyumbani kwao ndiko habari inakohitajika.

Anarudije? Wataalamu wanabishana. Jua analitumia kama dira, siku ya mawingu anatumia sumaku ya dunia, na Waitaliano wa Pisa walionyesha miaka ya 1970 kwamba njiwa aliyezibwa uwezo wa kunusa anapotea. Baba mkwe alikuwa na maelezo mafupi zaidi: "Ana mke."

Hilo la New Kim, jike mliyemwandika, bei mmeipatia. Ni euro milioni 1.6, Novemba 2020, zaidi ya shilingi bilioni 4 za kwetu. Mnada ulianzia euro 200, Wachina wawili wakavutana mtandaoni kwa majina ya bandia mpaka mmoja akachoka. Mwaka 2019 dume aitwaye Armando aliuzwa euro milioni 1.25, naye akaenda China. Lakini mmeacha jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike. New Kim alizaliwa 2018, na mbio zilizomjengea jina ni za 2018 hiyohiyo, zikiwemo za kutoka Châteauroux na Argenton, huko katikati ya Ufaransa. Alikuwa kinda. Baada ya hapo akastaafishwa. Aliyemnunua hakununua mbawa zake, maana akifunguliwa tu atatafuta njia ya Ubelgiji, alinunua mayai. Huku njiwa wa namna hiyo tunawaita wafungwa. Wanakula vizuri, wanazaa, hawatoki.

Fikirini basi mfugaji wa kawaida anayesikia habari hiyo. Anajifunza kwamba pesa iko kwa kinda. Mng'arishe mwaka wa kwanza, muuze mwaka wa pili. Akishajifunza hivyo, kinda haendi tena kilomita 200. Anapelekwa 500, anapelekwa 600, na anapelekwa hata siku ambayo mtu mwenye huruma angemwacha ndani.

Niwaelezee huyo kinda ni nani, maana wengi mnamwona tu akiwa tayari njiwa. Mayai ni mawili. Yanaatamiwa siku 17 au 18, dume mchana, jike usiku, na wakibadilishana zamu wananong'ona kama watu wenye mtoto mchanga chumbani. Kinda anatoka haoni, mwili mzima malaika ya njano, mdomo mkubwa kuliko uso. Anaanza na maziwa, ndiyo, maziwa, uji mzito mweupe unaotengenezwa kwenye kifuko cha kooni, na baba anayo sawasawa na mama. Siku ya saba namvisha pete. Vidole vitatu vya mbele vinapita pamoja, kile cha nyuma nakivuta taratibu kwa njiti ya kiberiti. Ukiwahi, pete inaanguka kwenye kinyesi. Ukichelewa siku tatu tu, mguu umeshanenepa haipiti. Ina namba na mwaka, na haitoki tena maisha yake yote, kwa hiyo umri wa njiwa haudanganywi. Laiti tungekuwa na pete hizo kwenye timu zetu za vijana za mpira.

Wangu wanatotolewa Januari, nje barafu. Wiki ya nne wanaachishwa. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Juni nawafungia gizani: mapazia yanashuka saa 11 jioni, yanapanda saa 3 asubuhi. Mwili wao unadhani bado ni majira ya baridi, hawanyonyoki manyoya ya bawa, na msimu wa mbio unawakuta na bawa zima. Mimi natoka zamu nyumba ya wazee saa 1, napitia dukani, nafungua mapazia, ndipo nakunywa chai. Mei tunaanza safari za mazoezi kwa gari: kilomita 5, 10, 20, 40. Kabla ya hapo nawalaza usiku mmoja ndani ya tenga hapohapo uani, na birika la maji limening'inizwa nje ya fito, wajifunze kupenyeza kichwa na kunywa. Wapo wanaocheka wakiniona. Lakini kinda asiyejua kunywa ndani ya tenga atakaa siku mbili kwenye lori maji yakiwa puani pake, na afunguliwe kiu imemshika tangu usiku.

Juni ni Quiévrain, mpakani na Ufaransa, kama kilomita 120 kutoka kwangu. Kisha Noyon, 220. Mwisho wa Julai na Agosti ndiyo mbio za taifa za makinda: Bourges, ambayo kwangu ni karibu 490, na Argenton, karibu 560. Anayefika kwanza si lazima awe mshindi, na hili ndugu zangu wa Tanga huwa linawachanganya kila nikipiga simu. Kila banda lina umbali wake, kwa hiyo tunapima mita kwa dakika. Njiwa wangu akiruka kilomita 560 kwa saa 8, ametembea mita 1,166 kila dakika. Wa mtu wa upande wa kusini, mwenye kilomita 500, akitumia saa 7 na dakika 10, ana 1,162. Wangu ametua dakika 50 baadaye na amemshinda.

Na kitu kinachoamua hizo mita kuliko damu, kuliko mahindi, kuliko maombi, ni upepo. Mbio zetu za makinda zote zinatoka upande wa Ufaransa kuelekea kaskazini mashariki. Upepo ukitoka kusini magharibi unawasukuma mgongoni. Ukitoka kaskazini mashariki unawapiga usoni, na kiangazi upepo huo ndio unaokuja na joto kavu. Mimi nimewapa majina ya kwetu, kusi na kaskazi. Hapa nyumbani hata watoto wameshazoea, asubuhi ya Jumamosi wananiuliza, "Mama, leo kusi au kaskazi?"

Jumamosi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa kaskazi. Mwaka siutaji, waandaaji siwataji, wanajijua. Alhamisi jioni nilipeleka makinda 14 kwa ajili ya Argenton. Utabiri ulishatoka, nyuzi 34, upepo wa usoni siku nzima. Nikamuuliza karani aliyekuwa akipitisha njiwa kwenye mashine, kweli watafunguliwa? Akasema uamuzi ni wa watu wa huko, yeye kazi yake ni matenga. Nikasimama pale na tenga mkononi. Ningeweza kugeuka nikarudi nao. Sikugeuka. Ada nilishalipa, na katika wale 14 kulikuwa na jike mmoja wa kijivu aliyekuwa wa kwanza wangu kutoka Bourges wiki tatu nyuma, na mimi pia, Mhariri, nilishasoma habari za New Kim. Hilo nalisema mapema kabla msomaji hajaniuliza.

Jumamosi taarifa ikaja: wamefunguliwa saa 1 na robo asubuhi. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu. Nikapiga hesabu, kwa upepo ule tuseme mita 1,000 kwa dakika, watatua saa 10 na nusu hivi alasiri. Nikageuza ndoo, nikaikalia uani chini ya kivuli cha banda. Saa 10 na nusu ikapita. Saa 11 ikapita. Jirani upande wa pili naye yuko kwenye kiti chake, hatusemeshani, kila mmoja anaangalia kipande chake cha mbingu. Kunguru akipita moyo unaruka.

Saa 12 na dakika 10 akatua wa kwanza. Hakushuka kama njiwa wa mbio, wanavyoshuka mabawa yamefungwa kama jiwe lililotupwa. Alikuja chini chini juu ya ua wa miti, akagonga ukingo wa ubao, akabaki amekaa hapohapo mdomo wazi. Hesabu yake ikatoka mita 855. Nilipomshika, mfupa wa kifua ulikuwa umesimama kama kisu. Siku mbili nyuma pale palikuwa na nyama pande zote. Saa 10 na dakika 55 angani, bila tone la maji, ana miezi saba.

Giza lilipoingia walikuwa wanne. Jumapili wakaja watatu, mmoja ana damu ubavuni, sijui ni waya au kipanga. Katikati ya wiki wawili. Jumla tisa.

Matokeo yalipobandikwa chamani walipiga makofi kama kawaida. Taarifa ya waandaaji ikasema zilikuwa "mbio ngumu." Neno hilo nalifahamu sasa. Wakipotea wachache ni mbio nzuri, wakipotea nusu ni mbio ngumu, na hakuna neno la tatu. Nilisimama nikauliza nani alisoma utabiri Ijumaa usiku. Nikajibiwa kwamba malori yalishapangiwa safari nyingine wiki inayofuata na madereva nao wana saa zao za kisheria. Mume wangu ni dereva wa lori, hilo la saa za kisheria nalijua. Lakini nijuavyo mimi, dereva akisubiri hewa itulie mpaka Jumapili hafungwi jela.

Ndipo yule mzee wangu wa mahindi akainuka, akasema kauli ambayo huku ni kama dua ya kufungia kikao: anayepotea hakufaa, anayerudi ndiye mbegu. Wengi wanaamini hivyo kwa dhati na sitawatukana. Baba mkwe aliamini hivyo kwa mbio za wakubwa, wale wa miaka mitatu minne wanaokwenda Barcelona, zaidi ya kilomita 1,000, na kwa hao nakubaliana naye nusu. Njiwa wa Barcelona ameshaona mvua, ameshaona kipanga, analala njiani akiona jua linazama. Kinda hajui hata kulala njiani. Nami niliwajibu kwa mfano wa bandani kwangu. Yule jike wa kijivu, wa kwanza wangu kutoka Bourges, hakurudi. Aliyekuwa wa kwanza siku ile ya kaskazi ni dume mmoja mvivu ambaye msimu mzima alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Msimu uliofuata nikampeleka mara sita, akarudi kwenye uvivu wake uleule. Sasa tulichopima Jumamosi ile ni nini? Kama ni ubora, mbona haukuonekana kabla wala baada? Tulipima nani aliyebahatika kupita juu ya bwawa.

Hakunijibu. Akanipa kahawa.

Si kwamba mambo haya yanatokea kwetu tu. Tarehe 29 Juni 1997 Waingereza walisherehekea miaka 100 ya chama chao kwa kufungulia njiwa zaidi ya 60,000 Nantes, Ufaransa, wavuke bahari warudi kwao. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana. Baadaye mtaalamu mmoja wa Kimarekani alisema huenda ni kishindo cha ndege ya Concorde kilichowakuta juu ya maji. Mimi Concorde sina uwezo nayo. Kaskazi inasomeka kwenye simu siku mbili kabla.

Sababu ya kuyaandika haya kwenu na si kwa gazeti la huku ni vijana watatu wa Tanga walioniandikia baada ya makala yenu. Wameshatengeneza banda Makorora, wana njiwa kumi na kitu, wanataka waanze mbio za makinda, Dar mpaka Tanga, Desemba watu wakiwa likizo. Wanangu, nimewajibu kila mmoja peke yake lakini acha niseme hadharani, maana najua hamko watatu tu.

Chukueni ramani na rula. Mstari wa Dar hadi Tanga haupiti barabarani. Unaondoka pwani, unapita Mlango wa Zanzibar na kukaribia kugusa mji wa Unguja, kisha maji matupu mpaka nyumbani. Ni kama kilomita 190 kwa ndege, inaonekana si kitu, lakini njiwa hapendi bahari hata mkubwa, sembuse mtoto. Akiifuata pwani, safari inarefuka. Na Desemba ni kaskazi tupu. Mtakuwa mmewatoa makinda Dar kwenye joto, upepo usoni, kushoto nchi wasiyoijua na kulia maji. Atarudi mmoja na mtasema ndiye mbegu.

Anzeni Pongwe. Msione aibu, hata sisi tunaanza kilomita 5. Pongwe mara tano, saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijakaa. Kisha Muheza. Kusi ikishaanza kuvuma vizuri, Mei au Juni, wapelekeni Pangani. Ni kilomita 40 na ushee, na kusi itawabeba mpaka Tanga. Kaeni hapo mwaka mzima. Wanaobaki wakimaliza kunyonyoka na kuota manyoya mapya, mwaka wa pili mkitaka Bagamoyo nendeni Bagamoyo. Wachanjeni, maana njiwa wana ugonjwa wao ulio ndugu wa kideri, na kwetu Ubelgiji bila chanjo hiyo huruhusiwi kuweka njiwa kwenye tenga. Na wale wakubwa mliowanunua sokoni Ngamiani msiwafungulie mkitegemea watarudi Makorora. Watarudi sokoni, au kwa aliyewauza, naye atawauzia tena. Wafungieni wazae. Mtoto atakayezaliwa bandani kwenu ndiye wenu.

Nilisema makinda tisa walirudi. Siku ya kumi na moja simu ililia. Mwanamke wa shambani, kaskazini mwa Ufaransa, Kifaransa changu kibovu na chake cha haraka, lakini namba aliisoma vizuri: mia nne kumi na saba. Kamkuta anakunywa kwenye birika la ng'ombe na hawezi kupaa. Nikamwambia mume wangu bila matumaini yoyote, mtu ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kuingia bandani zaidi ya mara mbili. Alikuwa na mzigo wa Lille. Alipinda njia, akamchukua, akamleta kwenye kiti cha abiria ndani ya boksi la viatu, madirisha wazi, yeye mwenyewe macho yamevimba kama aliyepigwa na nyuki.

417 sijampeleka tena mbali na Quiévrain. Ni dume mkubwa sasa, rangi ya chuma, ana madoa mawili meusi bawani, na nikigeuza ndoo yangu anakuja kuikalia yeye kwanza. Picha yake nimeiambatanisha na barua hii. Mkirudia habari za njiwa wa mbio, wekeni hiyo badala ya tetere. Mniwie radhi imetikisika kidogo. Aliyeipiga ni mume wangu, na alikuwa anapiga chafya.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Mabawa, Tanga
Kempen, Ubelgiji